Msaragambo wa Julai: Watu wa Kaustinen na Fidla Zao

Historia ya usharika wowote uliotimiza miaka 100, ikiandikwa kwa ukweli, ni kwa sehemu kubwa historia ya mikono isiyolipwa. Majina ya wachungaji yamo katika daftari, tarehe za ubatizo zimo, hata bei ya mabati ya kwanza huenda imo. Lakini yule aliyebeba mchanga kichwani kutoka mtoni, aliyepika makande ya mafundi, aliyelala nje usiku kulinda saruji isiibiwe, huyo mara nyingi hana hata mstari mmoja. Upareni na Uchagani kazi ya namna hiyo imeitwa msaragambo tangu zamani, na pembe ilipolia alfajiri hapakuwa na haja ya maelezo zaidi. Kwa hiyo si vibaya, katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki, kutazama pia nje ya mipaka ya Dayosisi na kuona jinsi Walutheri wa mahali pengine walivyoitumia nguvu hiyo hiyo, wakati ambapo kijiji chao kilikuwa kikipungukiwa watu mwaka hata mwaka.

Mahali penyewe ni Kaustinen, katika nchi ya Ufini. Nchi hiyo si ngeni kwa Walutheri wa Tanzania. Wamisionari wake walianza kufika Tanganyika mwaka 1948, miaka 15 kabla ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kuundwa mwezi Juni 1963. Msomaji aliyewahi kuzungumza na mgeni wa Kifini huenda amesikia habari za theluji, za maziwa yasiyohesabika na za sauna. Habari za vijiji vya huko vinavyoachwa na vijana wao husikika mara chache zaidi, kwa kuwa mgeni hapendi kuanza na udhaifu wa kwao.

Kaustinen ni wilaya ndogo ya mashambani katika jimbo la Ostrobothnia ya Kati, chini ya kilomita 50 kutoka mji wa pwani wa Kokkola na zaidi ya kilomita 400 kutoka Helsinki. Wakazi wake ni kama 4,000 tu, idadi ambayo baadhi ya sharika za Tanzania huipita kwa mbali. Mto Perhonjoki unapita katikati ya mashamba tambarare. Watu wamefuga ng'ombe wa maziwa, wamelima viazi na shayiri, na baadaye wakafuga wanyama wa manyoya. Hakuna ngome ya kale ya kuonyesha watalii, hakuna mlima wa kusifiwa, wala bahari. Kitu ambacho Kaustinen ilikuwa nacho kwa wingi kuliko jirani zake kilikuwa ni wapiga fidla.

Hapa ni lazima kurudi nyuma kidogo, maana bila kujua safari ya fidla hiyo mtu hawezi kuelewa yaliyotokea mwaka 1968.

Kwa zaidi ya miaka 200 fidla ilikuwa chombo cha arusi katika sehemu hizo. Arusi ya mkulima ilichukua siku kadhaa, bibi arusi alivishwa taji kubwa lenye kumeremeta, na mpiga fidla, ambaye kwa Kifini huitwa pelimanni, ndiye aliyeongoza maandamano, aliyewakaribisha wageni mezani na aliyeanzisha michezo. Tena Kifini nacho kina neno lake la msaragambo, nalo ni talkoot. Jirani alipotaka kuezeka paa, kupura nafaka au kuvuna kabla ya baridi kufika, aliwaita watu, nao walikuja. Mshahara wao ulikuwa chakula, na kazi ilipokwisha mara nyingi palikuwa na ngoma, na pelimanni aliitwa. Kwa hiyo katika akili ya watu hao wa mashambani kazi ya kujitolea na sauti ya fidla zilikaa katika nyumba moja. Jambo hilo linafaa kukumbukwa.

Kisha ukaja uamsho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Roho wa toba alipita Ufini kwa nguvu, na kati ya viongozi wake alijulikana sana mkulima Paavo Ruotsalainen, aliyefariki mwaka 1852. Upande wa Ostrobothnia uamsho uliongozwa na wachungaji kama Jonas Lagus na Niilo Kustaa Malmberg, ambao kati ya mwaka 1838 na 1839 walishtakiwa pamoja na wengine katika kesi iliyojulikana kwa jina la Kalajoki, kwa sababu ya mikutano ya ibada iliyofanyika nyumbani kwa watu kinyume cha sheria za wakati ule. Walioamshwa waliacha pombe, waliacha mavazi ya fahari, na wengi waliacha kucheza. Fidla ikahesabiwa kuwa kinanda cha Ibilisi. Husimuliwa kwamba wengine walizichoma fidla zao na wengine walizificha darini, na vijiji kadhaa vilivyokuwa na wapiga fidla hodari vikanyamaza kabisa.

Si haki kuwacheka watu hao. Arusi za wakati ule zilikuwa na pombe nyingi iliyotengenezwa majumbani, na Ostrobothnia ya karne ile ilisifika vibaya kwa vijana wa visu waliogeuza arusi kuwa mahali pa kumwaga damu. Aliyeitupa fidla hakutupa muziki tu. Alitupa jioni ile ambayo ndugu yake alichomwa kisu. Kanisa la Tanzania linaijua hali hiyo kutoka ndani, kwa kuwa wamisionari wa kwanza na hasa Wakristo wa kwanza wenyeji walizikataa ngoma kwa sababu zilizofanana na hizo, na mzee aliyebatizwa utu uzimani mara nyingi alikuwa mkali juu ya ngoma kuliko mmisionari aliyembatiza. Alijua ngoma ile ilikuwa inaita nini. Ilichukua muda mrefu kabla ya watu kama Mchungaji Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha katika Chuo cha Theolojia Makumira, kukusanya tuni za Kiafrika na kuzitumikisha katika nyimbo za ibada, na hata baada ya hapo palikuwa na wazee walionuna.

Kaustinen nayo ilifikiwa na uamsho, lakini haikuzimwa nao kama baadhi ya jirani zake. Kwa nini? Wanahistoria hutoa sababu mbalimbali, na hakuna inayotosha peke yake. Lililo wazi ni kwamba fidla zilibaki mikononi, zikirithiwa kutoka kwa baba na mjomba, bila noti, kwa kusikiliza na kutazama tu. Na kabla ya fidla kupata heshima, mwanamke mmoja aliyezaliwa Kaustinen alikuwa ameifungulia njia. Kreeta Haapasalo, aliyezaliwa mwaka 1813, alipiga kantele, ala ya nyuzi inayowekwa mapajani na kuchunwa kwa vidole. Umaskini ulimbana, watoto walikuwa wengi, naye akaondoka na kantele yake akitembea nchi nzima, akafika Helsinki, St. Petersburg na Stockholm, akipiga mbele ya wakubwa ili watoto wale. Mwaka 1868 mchoraji R. W. Ekman alimchora akiwa amekaa katika nyumba ya mkulima, watu wakimsikiliza. Mwaka huo huo Ufini ilikuwa katika njaa kubwa iliyoua watu wengi.

Jambo jingine la kushangaza katika muziki wa Kaustinen ni kinanda. Msomaji anakijua: kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho kwa miaka mingi kilisimama kando ya madhabahu katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania, kikipuliza kwa sauti ya pumu wakati mwalimu akitafuta ufunguo. Kinanda hicho hicho kiliingia katika nyumba za wakulima wa Ostrobothnia kupitia shule na mikutano ya ibada. Na kilipokaa pale sebuleni, vijana wakakiunganisha na fidla za babu zao. Kundi la kawaida la Kaustinen likawa ni fidla kadhaa, kinanda na besi kubwa ya nyuzi. Kwa hiyo chombo cha nyumba ya sala na chombo kilichofukuzwa na nyumba ya sala vilikutana na kukaa pamoja, bila mkutano mkuu wala azimio.

Mwaka 1946, mara tu baada ya vita, Konsta Jylhä alianzisha kundi liitwalo Purppuripelimannit, jina linalotokana na mfululizo wa michezo ya arusi. Konsta alizaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1984. Alikuwa mtu wa kijijini aliyetunga vipande vinavyojulikana leo na karibu kila Mfini, na katika miaka yake ya mwisho alipiga na kurekodi pia nyimbo za kiroho, kwa fidla ile ile. Wazee wa uamsho wangefikiri nini juu ya jambo hilo, ni vigumu kusema. Pengine wangekaa kimya na kusikiliza.

Miaka ya 1960 ilikuja na hatari ya namna nyingine. Ostrobothnia ilikuwa imezoea kuwasindikiza watoto wake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Wafini zaidi ya 300,000 walihamia Marekani, na sehemu kubwa yao walitoka jimbo hilo. Safari hii waliondoka kwenda Helsinki na miji mingine ya kusini, na wengi zaidi wakavuka bahari kwenda kwenye viwanda vya Uswidi. Katika miaka miwili tu, 1969 na 1970, Wafini wapatao 80,000 walihamia Uswidi. Trekta na msumeno wa mota vilichukua kazi ya watu. Serikali nayo, ikiwa na maziwa na nafaka zaidi ya mahitaji, ilitunga sheria mwaka 1969 ya kuwalipa wakulima ili wasilime mashamba yao. Mtu wa mashambani aliyekuwa amefundishwa na baba yake kwamba shamba lisilolimwa ni aibu, sasa alilipwa kwa kuliacha lifunikwe na magugu. Fedha zilipokelewa. Lakini ilikuwa pia ni namna ya kumwambia kwamba hahitajiki.

Katika hali hiyo watu wachache wa Kaustinen na wa jimbo lao, mmojawapo akiwa mwandishi wa habari na mtafiti wa historia ya kwao, Viljo S. Määttälä, walikuja na wazo ambalo wengi waliliona kuwa la ajabu: kijiji kiwaalike watu wa Ufini yote, na wa nchi nyingine, waje katika mwezi wa Julai kusikiliza fidla. Miji mingine ilikuwa imeanza sherehe za majira ya joto. Jyväskylä ilianza mwaka 1956, Pori ilianza na muziki wa jazi mwaka 1966, na Savonlinna, yenye ngome ya kale ziwani, iliirudisha sherehe yake ya opera mwaka 1967. Lakini hiyo ilikuwa miji. Nani angetoka Helsinki kwenda kuwasikiliza wakulima katika kijiji kisicho na hoteli ya kutosha?

Walikuja. Julai 1968 sherehe ya kwanza ya muziki wa kienyeji ilifanyika Kaustinen, na waliofika walizidi mara kadhaa idadi ya wenyeji wote. Wapiga fidla wazee waliokuwa wamezoea kupiga jikoni, na ambao vijana wao waliwaonea haya kidogo, walisimama mbele ya umati uliosafiri siku nzima ili kuwasikia wao na si mtu mwingine. Pale kuna jambo ambalo takwimu haziwezi kulieleza. Mtu ambaye mwaka mzima ameambiwa kwamba mahali pake ni pa nyuma, akiona magari yamepangwa kando ya shamba lake mpaka upeo wa macho, hurudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Ni rahisi kusimulia habari za jukwaani na kusahau za jikoni, nazo ndizo zinazohusu zaidi kitabu hiki. Umati kama huo katika kijiji kama hicho ulihitaji kulala, kula, kunywa maji safi, kuegesha magari na kupata vyoo. Hapakuwa na kampuni ya kufanya kazi hizo, na kama ingekuwapo, hapakuwa na fedha za kuilipa. Basi neno talkoot likatolewa. Kijiji kilifanya kwa ajili ya sherehe kile ambacho zamani kilifanya kwa ajili ya paa la jirani.

Utaratibu uliojengeka, na ambao uliendelea kwa miongo iliyofuata, unaeleweka mara moja kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya maandalizi ya sikukuu ya mavuno. Vyama vya kijijini, vya michezo, vya vijana, vya akina mama, vya vitongoji, vilichukua kila kimoja kazi yake. Hawa waliangalia magari, wale walisimama getini na tiketi, wengine walipika supu na kahawa, na Mfini hawezi kuketi bila kahawa. Madarasa ya shule yaliondolewa madawati na kuwekwa magodoro. Uwanja wa michezo ukawa uwanja wa tamasha. Mwenye chumba cha ziada alimpokea mgeni. Mamia ya watu walitumika kila mwaka bila mshahara, na katika kijiji cha watu 4,000 mamia ni karibu kila nyumba. Mwalimu wa shule aliweza kuwa chini ya usimamizi wa mwanafunzi wake katika zamu ya kuosha vyombo. Mapato kidogo yaliyopatikana yalisaidia shughuli za vyama hivyo katika miezi ya baridi.

Na Julai si mwezi wa mapumziko kwa mfugaji wa Ufini. Ni mwezi wa kukata na kukausha majani ambayo ng'ombe watayala katika miezi mirefu ya theluji. Siku za jua ni chache na haziahirishwi kwa ajili ya muziki. Kwa hiyo aliyekwenda kuelekeza magari kwa siku nzima alikuwa ameacha kitu chenye thamani nyumbani, au alikwenda shambani baada ya zamu yake, maana katika latitudo hiyo jua la Julai huchwa karibu saa tano usiku na mtu huona kazi yake bila taa. Sadaka ya namna hii haiandikwi katika bahasha.

Kuna dokezo moja ambalo waandishi wa habari za utamaduni huenda wamelipita haraka. Katika jimbo hilo hilo la Ostrobothnia watu wa uamsho walikuwa na mkutano wao mkubwa wa kila majira ya joto, uitwao Herättäjäjuhlat, ulioanza Lapua mwaka 1893 na kuhama kila mwaka kutoka usharika mmoja hadi mwingine. Huko nako wenyeji walilaza maelfu majumbani na kuwalisha kwa kujitolea. Watu wa mashambani wa Ostrobothnia hawakuanza kujifunza ukarimu wa umati mwaka 1968. Ikiwa hivyo ndivyo, basi wale waliozifukuza fidla waliwafundisha pia watoto wa fidla namna ya kupika kwa ajili ya maelfu.

Matunda yalianza kuonekana mapema. Mwaka 1974 Taasisi ya Muziki wa Kienyeji ilianzishwa pale Kaustinen, si Helsinki, ikakusanya kanda, noti na picha kutoka nchi nzima. Ajira za kudumu zilizotokana na muziki zikaanza kupatikana, chache lakini za kweli. Shule ya sekondari ya juu ikapata mkazo wa muziki, vijana wakaanza kuja Kaustinen kusoma badala ya kuondoka tu. Mwaka 1997 kilifunguliwa Kituo cha Sanaa za Kienyeji, chenye ukumbi uliochimbwa ndani ya mwamba. Vijiji vingine navyo vilijaribu njia hiyo. Kuhmo, mbali mashariki karibu na mpaka wa Urusi, ilianza mwaka 1970 na sherehe ya muziki wa vyombo vichache iliyoanzishwa na mpiga cello kijana, Seppo Kimanen, nayo ilisimama juu ya migongo ya wenyeji waliojitolea.

Lakini jambo lililokuwa na uzito kuliko majengo ni lile alilolianza Mauno Järvelä katika miaka ya 1980. Järvelä, mpiga fidla wa ukoo wa wapiga fidla, alikusanya watoto wa kijiji na kuwafundisha kwa pamoja, wakubwa na wadogo, hodari na wazito, katika kundi moja. Mtoto aliyejua sauti mbili tu alipewa mahali ambapo sauti mbili hizo zilihitajika, na akasimama jukwaani pamoja na aliyejua mia. Njia hiyo, iitwayo Näppäri, ilienea kutoka Kaustinen hadi sehemu nyingine za Ufini na nje yake. Walimu wa shule ya Jumapili na wa kwaya za watoto wataitambua mara moja hekima iliyomo, na pia ugumu wake, kwa sababu ni rahisi zaidi kuchagua watoto kumi wenye sauti nzuri na kuwaacha wengine waketi.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilifanikiwa. Sherehe haikuzuia watu kuhama. Kaustinen imebaki kuwa mahali padogo, na kijana anayetaka kuwa daktari au mhandisi bado anaondoka. Juma moja la Julai haliwezi kulisha majuma 51 yaliyobaki, na yeyote aliyewaahidi watu hivyo aliwadanganya. Tena kazi ya kujitolea ina uchovu wake. Walioanza wakiwa na miaka 30 walifika 70, na swali la nani atashika sufuria baada yao lilikuwa la kweli huko kama lilivyo katika kila usharika ambako mwenyekiti wa kamati ni yule yule kwa miaka ishirini, si kwa kupenda cheo bali kwa kukosa wa kumpokea. Kuna pia manung'uniko ambayo hayakwepeki mahali popote penye kujitolea: kwamba mwanamuziki mgeni hulipwa na mpishi halipwi, kwamba wanaopiga picha na mgeni mashuhuri si wale waliosafisha vyoo. Manung'uniko hayo si ya watu wabaya. Mara nyingi ni ya watu waaminifu waliochoka, na kamati inayoyapuuza hujikuta mwaka unaofuata na jiko lisilo na mtu.

Na kuna jambo lililowasaidia watu wa Kaustinen ambalo haliwezi kuazimwa. Hawakubuni kitu kipya ili kuwavutia wageni. Walipiga kile walichokuwa wakipiga hata pasipo mgeni, katika arusi zao na jikoni kwao. Mahali pengi, Ulaya na Afrika, pametengenezwa sherehe kwa ajili ya watalii, zenye mavazi ambayo wenyeji hawayavai na michezo ambayo hawaichezi, na zimekufa mara wafadhili walipoondoka. Kamati inayopanga sherehe ya kijiji ingefanya vema kuuliza kwanza swali dogo: je, wageni wasipokuja, watu wataimba?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulifunga mipaka na kukataza mikusanyiko, na sherehe ya Kaustinen, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 ilikuwa imefanyika kila mwaka, ikafutwa. Hapakuwa na magari mashambani wala magodoro madarasani. Hata hivyo fidla hazikurudi darini. Watu walipiga majumbani, na watoto waliendelea kujifunza kadiri ilivyowezekana. Mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliandikisha upigaji fidla wa Kaustinen pamoja na desturi zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Uliingia katika orodha hiyo baada ya sauna ya Ufini, iliyoandikishwa mwaka 2020. Iliyoandikishwa haikuwa sherehe ya Julai wala jukwaa lake. Ni namna watu wale wanavyopiga, wanavyofundishana na wanavyokusanyika.

Habari ya Daudi akicheza mbele ya sanduku la agano, katika kitabu cha pili cha Samweli, imehubiriwa mara nyingi katika sikukuu za muziki. Mara chache hutajwa lile linalofuata katika sura hiyo hiyo: kwamba baada ya kucheza, Daudi aligawa chakula kwa umati wote, wanaume kwa wanawake, mtu kwa mtu, na ndipo watu wakaenda kila mmoja nyumbani kwake. Nani aliyeoka mikate hiyo yote, Maandiko hayasemi.

Kaustinen, sherehe inapokwisha, madawati hurudishwa madarasani, takataka huokotwa uwanjani na mahema hukunjwa na mikono ile ile iliyoyasimamisha. Bustani na njia hubaki na alama za magurudumu kwa siku chache. Majani yaliyosalia mashambani hukatwa kabla mvua haijanyesha, na jioni, ambayo bado ni nyeupe kama mchana, katika nyumba moja au mbili mtu huitoa fidla sandukuni na kumwita mtoto aje asikilize vizuri pale alipokosea.